Walioingia Wawili

Jana usiku, vumbi la volkeno likiwa bado masikioni mwangu, niliota nimerudi kulekule hifadhini tulikotoka mchana, mimi na mume wangu, Baba Aikande.

Langoni hakuna askari. Kuna fuvu la nyati limevaa kofia ya kazi, kalamu imechomekwa kwenye tundu la jicho. Linatusomea masharti kwa upole kabisa: vivutio ni vitatu, vyote lazima vionwe, na idadi iliyoingia ndiyo itakayotoka. Likaandika: wawili.

Mume wangu hamumjui, basi niwaambie. Ni mtu wa kuchoka kabla ya safari. Akishaona shimo moja, kwake ameyaona yote, na njia nzima ni kulalamika tu.

Kwanza maporomoko. Tukayatazama mpaka yenyewe yakasema inatosha, yakasimama kupumzika. Halafu ukuta wa lava nyeusi, nao ukatuomba tuutazame na mgongoni, tukazunguka. Mara, bila kupanda mlima wowote, tuko ukingoni mwa kreta, mvuke unapanda kutoka chini bila sauti.

Baba Aikande akaketi juu ya jiwe, akaipa kreta mgongo. Akasema miguu inamuuma, nimtazamie mimi.

Nikaiambia kreta nitatazama kwa niaba yake. Ikafikiri kidogo.

"Wewe umeniona," ikasema. "Yeye asiponiona, nitamwona mimi."

Sikuona ubaya wa maneno hayo. Nikainama, nikatazama fungu langu na fungu lake. Nilipogeuka, jiwe lilikuwa tupu. Nilimwita weee, hata mwangwi haukuitika. Niliogopa, jamani, niliogopa.

Mara niko langoni. Fuvu linahesabu, linapata mmoja, na lango halifunguki. Nalia. Naliambia mtoto wetu yuko kwa jirani, ana miaka minne, mimi nisiporudi atalelewa na nani. Fuvu linasema linanihurumia sana, ila hesabu ni hesabu.

Ndipo mvuke ukashuka njiani, ukajikusanya taratibu: kwanza viatu, kisha kitambi, kisha sura ya mume wangu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ila alisimama pale muda wote huo bila kulalamika hata neno moja.

"Wawili," fuvu likasema. "Mama, huyu ni wako?"

Nilijua si wangu. Mungu anisamehe, nilijua kabisa, na wangu nilijua yuko wapi. Lakini nilimfikiria Aikande.

"Ndiye," nikasema. Nikamshika mkono, lango likafunguka.

Niliamka jua limeshachomoza, upande wake wa kitanda uko wazi. Nikakimbilia jikoni. Nikamkuta ameketi mezani na Aikande mapajani, wametulia zao. Nikajicheka mwenyewe, mtu mzima natishwa na ndoto. Nikaiepua chai inatokota, nikammiminia kikombe, nikageuka kutafuta sukari.

Nilipomgeukia nimwambie asubiri ipoe, alikuwa ameshaimaliza yote kwa mkupuo mmoja. Akanisogezea kikombe.

"Mama Aikande," akasema kwa upole, "huna ya moto?"