Nyuzi za Prodromos

Katika mji mzima wa Athene, Evanthia Melidou hakuwa na adui hata mmoja aliyemjua kwa jina, na hilo ndilo lililomtia hofu. Adui unayemjua unamsalimia kwa jicho la pembeni, unamtupia neno, unapita. Usiyemjua ndiye anayekaa mezani kwako na kukusifia supu.

Alikuwa ameimba miaka arobaini. Alizaliwa Kokkinia, kwenye vijumba vya wakimbizi, binti wa mwanamke aliyefuma mazulia. Akiwa na miaka kumi na saba walimpandisha jukwaani kwenye taverna, mgahawa wa mvinyo na muziki wa mjomba wake, kwa sababu mwimbaji wa siku hiyo alikuwa chakari, na tangu hapo hakushuka. Sahani za santuri ishirini na mbili. Maua ya kurushiwa miguuni mpaka akatembea juu yake kama zulia. Wimbo wake mkubwa, "Ukirudi Usigonge", uliimbwa kwenye harusi za Wagiriki mpaka Australia, na kwa kukosa akili tu uliimbwa hata kwenye ubatizo.

Sasa, mtu kama huyo angelala usingizi mnono. Lakini mume wake wa kwanza, ambaye ndiye alikuwa meneja wake, alimkimbia na mwimbaji msaidizi, na yule mwimbaji akaondoka na gauni lake la bluu la jukwaani. Evanthia alimsamehe mume baada ya miaka. Gauni, hapana. Tangu siku hiyo hakumwamini mtu anayetabasamu bila sababu, wala anayenyamaza akiwa nayo. Alifukuza dereva. Alifukuza mpambaji wa uso, na wapiga gita wawili. Pantelis, mpiga kodiani wake wa miaka kumi na mitano, alimfukuza kwa kuonekana akinywa kahawa na mwandishi wa gazeti la udaku.

Mmoja tu hakumgusa: Prodromos, mpiga buzuki, lile gita la Kigiriki lenye shingo ndefu. Miaka thelathini na mmoja mtu huyo mfupi, mwenye masharubu yaliyokwisha kuwa meupe, alikaa upande wake wa kulia jukwaani. Evanthia hakusoma noti. Alitazama mkono wa Prodromos. Kidole chake cha mwisho kikitua mahali pake kwenye ile shingo ndefu ya buzuki, naye anafungua kinywa. Hivyo tu, na hakuwahi kukosea.

Juma lile lilikuwa la sherehe ya miaka arobaini. Jumamosi angeimba Nikaia, kwenye ukumbi wa wazi uliochongwa ndani ya machimbo ya mawe, hatua chache kutoka mtaa aliozaliwa, na televisheni ingekuwepo. Jumatatu asubuhi Sultana, binti wa mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyemvalisha na kumsuka, alikifudikiza kikombe cha kahawa cha Evanthia kwenye kisosi, akakifunua, akakodoa macho ndani ya machicha kusoma bahati.

"Mh," akasema Sultana.

"Mh nini? Usinifanyie mh, sema."

"Dada, sipendi ninachokiona. Nyoka huyu hapa, kajikunja. Tena kakaa karibu na mpini."

Upande wa mpini ni upande wa nyumbani, kila mtu anajua. Evanthia alijitemea kifuani mara tatu kuondoa husuda.

"Nyumbani sina mtu ila wewe."

"Mimi nyoka? Haya, leo nimekoma! Nani anakufunga zipu?" Sultana akakisogeza kikombe kwenye mwanga. "Nyumba yako ni bendi, dada. Kikulacho ki nguoni mwako. Halafu nikuambie? Yule Rania wako siku hizi anakuja mazoezini saa nzima kabla yako. Na hayuko peke yake."

Rania alikuwa binti wa miaka ishirini na sita aliyeitikia nyuma ya Evanthia. Sauti yake ilikuwa nzito na nzuri, nyusi zake nzuri zaidi. Evanthia alikuwa amemwajiri kwa sababu hakuwa na tamaa, na alianza kumwogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Mazoezi yalipangwa saa nane mchana. Saa saba kamili alishashuka kwenye teksi, akapita mlango wa nyuma wa ukumbi wa mazoezi viatu vikiwa mkononi, mwanamke wa miaka hamsini na saba akinyata kama anayeiba kuku. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimefungwa. Ndani alisikia buzuki, chini chini, na sauti ya Rania ikiimba kile kipande cha juu cha "Ukirudi Usigonge". Kipande chake yeye. Kisha sauti ya Prodromos: "Tena. Ingia mapema kidogo, asigundue."

Evanthia akasukuma mlango.

Rania aliiva uso mpaka masikioni. Prodromos aliinuka polepole, akaliweka buzuki kwenye kasha kama mtu anayemlaza mtoto. Na pale kwenye kasha, chini ya kitambaa cha kufutia nyuzi, ilichungulia karatasi.

"Nipe hiyo."

"Evanthia, si kitu. Ni ya mpiga kinanda."

"Kama si kitu, nipe."

Ilikuwa orodha ya nyimbo zake zote za Jumamosi, mwandiko wa Prodromos, na mbele ya kila wimbo ufunguo wake, yaani noti unapoanzia. Evanthia hakusoma noti lakini hakuwa mjinga. Alijua nyimbo zake zilirekodiwa kwenye ufunguo gani kama mtu anavyojua siku za kuzaliwa za wanawe. "Ukirudi Usigonge" ni Re. Pale palikuwa na Si, noti ya chini zaidi. Na zile nyingine vilevile, hakuna hata moja iliyokuwa mahali pake. Zote chini, kwenye kina cha sauti nzito. Chini kabisa Prodromos alikuwa ameandika na kupiga mstari: *Bi E. asijue.*

Wanamuziki wengine walikuwa wameanza kufika. Vizuri, alijiambia, wasikie wote.

"Kwa hiyo unamshonea nyimbo zangu," akasema, akiitikisa karatasi. "Unazipunguza zimkae huyu! Mimi nikimaliza Jumamosi, yeye anaanza Jumapili, siyo? Na gauni je, limeshapimwa?"

"Bi Evanthia, siyo hivyo, haki ya Mungu, mimi—" Rania alianza.

Prodromos alimtikisia kichwa. Mara moja tu, kidogo sana. Rania akafunga mdomo. Evanthia alikiona kile kichwa, na kwake kesi ikaishia hapo, kwa maana watu wasio na siri hawatikisiani vichwa.

"Sema wewe basi. Miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa mama wa ubatizo wa binti yako, Prodromos! Sema!"

Mzee aliwatazama waliosimama mlangoni: mpiga kinanda, mpiga besi, fundi mitambo aliyeshika waya.

"Kama ndivyo ulivyoona," akasema, "basi ndivyo."

Akachukua kasha lake, akatoka.

Saa nane ilikuwa haijagonga. Kabla haijafika jioni alikuwa ameshapatikana mpiga buzuki mwingine, Stathis, kijana wa Peristeri mwenye vidole vya haraka na sifa ya kufika kwa wakati. Rania hakumfukuza. Alimweka pale mbele ya macho yake, kwa sababu adui akiwa karibu unamsikia akipumua.

Alhamisi walifanya mazoezi ya kwanza kamili kule machimboni, jua likiwa bado kali kwenye mawe. Stathis alikaa kiti cha kulia, bendi ikamfuata yeye. Kidole chake kilitua mahali palepale, Evanthia mwenyewe alikiangalia. Akafungua kinywa.

Tangu neno la kwanza alihisi wimbo umepanda kama ngazi iliyoongezwa vipandio. Alivumilia ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili shingo ilimkaza. Alipofika kile kipande cha juu, ambacho taifa zima hunyamaza kukisubiri, alikiendea kwa nguvu zake zote, na sauti haikufika. Ilikatika katikati, ikatoa mlio mkavu, na mawe, mashenzi yale, yakaurudisha.

"Simama!" Alimgeukia Stathis. "Nani kakutuma?"

"Kunituma nini, Bi Evanthia?"

"Umezikaza hizo nyuzi! Umezipandisha makusudi. Nani, Prodromos? Rania?"

Stathis alitoa kile kidude cha kupimia nyuzi, akakibana kwenye kichwa cha buzuki, akapiga uzi mmoja mmoja. Taa ikawaka kijani kila mara. "Ziko sawa, mama. Ndiyo sauti ile ya kwenye sahani. Re."

Hakuna aliyemtazama. Hilo ndilo lililomfungua macho, zaidi ya kile kidude. Mpiga besi aliangalia viatu vyake. Fundi mitambo alipata kazi ya ghafla kwenye waya. Hawakuwa na uso wa watu walioshangaa. Walikuwa na uso wa watu waliokuwa wakisubiri, kwa huruma, na Evanthia alitamani mwamba ule umfunike.

Jioni hiyo alipanda kwa Prodromos, Korydallos, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Mlango ulifunguliwa na Argyro, mkewe, mikono ina unga. Mwanamke huyo alikuwa amempikia Evanthia pai za mchicha tangu enzi za gauni la bluu. Leo hakumwambia karibu, hakumwambia kaa, wala hakutaja kahawa. Alimwacha kizingitini akaenda kumwita mumewe, na Evanthia akasimama pale kama mkusanya bili.

Prodromos alitoka na ndara.

"Tangu lini?" Evanthia akauliza.

"Tangu ile ziara ya Larisa. Ulipougua mapafu." Alisema bila kunong'ona, maana sasa hapakuwa na wa kumficha. "Miaka tisa. Tulianza kwa kushusha nusu tono. Baadaye nusu nyingine. Mwaka jana ya tatu. Nilitia nyuzi nene, nikazilegeza, ili mkono wangu ukae palepale unapouangalia."

"Na Rania?"

"Hata huko chini, kile kipande cha juu kimekuwa kizito kwako. Nilikuwa namfundisha akikamate nyuma yako kidogo, watu wasisikie panapovuja."

Evanthia aliushika ukingo wa ngazi. "Nani alijua?"

"Wote."

"Wote nani?"

"Wote, Evanthia. Gita zote, besi, kinanda, fundi mitambo. Kila aliyeingia nilimweka kando siku ya kwanza."

"Na niliowafukuza?"

Prodromos alikuna masharubu. Alionekana mtu asiyependa kumpiga aliyekwisha kuanguka, lakini aliulizwa. "Pantelis alipata taabu kuliko sisi. Kodiani hailegezwi. Alijifunza nyimbo zako zote upya, vidole vyote mahali pengine, mara tatu. Halafu ukamfukuza."

"Kwa yule mwandishi."

"Yule mwandishi alikuwa amesikia fununu kwamba sauti yako imekwisha. Pantelis alikaa naye saa mbili akimwapia kwamba ni uongo."

Evanthia aliwapanga kichwani mmoja mmoja, wale aliowatupia mabegi nje, aliowaita nyoka mbele za watu. Kila mmoja aliondoka na siri ambayo gazeti lolote lingeiweka ukurasa wa kwanza, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuitoa. Hakuna aliyeitoa. Alijiona mdogo, na aliona aibu kama hajawahi kuiona tangu azaliwe.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Nakuomba. Nitakuomba msamaha mbele yao wote."

"Hapana, Evanthia."

"Prodromos."

"Sina kinyongo. Mikono bado mizima. Nimechoka kuchunguzwa tu." Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ulikata kuliko kisu. "Ongea na wenzako. Waambie wewe mwenyewe."

Akarudi ndani, na Argyro akaufunga mlango, si kwa kishindo.

Ijumaa Evanthia aliamka na sentensi moja mdomoni. Aliijaribu kwenye kioo, aliijaribu kwenye teksi mpaka dereva akauliza kama anaongea naye. Alipofika machimboni wote walikuwa wamekaa mahali pao. Alisimama katikati ya jukwaa.

"Nina neno. Sikilizeni, maana sitalirudia. Shusheni. Tono moja na nusu. Sauti yangu haifiki tena."

Ilikuwa imetoka. Alisubiri. Hakuna aliyegusa chombo.

"Hamkusikia?"

Stathis alikohoa. "Tumeshashusha, Bi Evanthia. Tangu asubuhi. Nimetia na nyuzi nene."

"Nani kakwambia?"

"Bwana Prodromos. Alinipigia simu akanieleza kila kitu, wimbo kwa wimbo."

Kwa hiyo alipiga baada ya mimi kuondoka, alijiambia Evanthia, na moyo ukampasuka kwa furaha. "Alikupigia jana jioni?"

"Hapana, mama. Jumatatu. Ile Jumatatu uliyomfukuza. Hata kabla wewe hujanipigia, yeye alishanipigia, akasema utaniita."

"Jumatatu?" Evanthia alimsogelea. "Ulijua tangu Jumatatu? Basi jana ukaniacha niaibike hapa kwa nini?"

Kijana aliinamisha kichwa. Alilivuta buzuki kifuani kama anayeogopa litanyang'anywa.

"Sikumwamini," akasema. "Mtu amefukuzwa mchana, saa hiyohiyo ananipigia kunisaidia nichukue kiti chake? Nani anafanya hivyo? Nikajua tu ananichimbia shimo."

Evanthia alitaka kumgombeza, lakini kila neno aliloliokota lilikuwa lake mwenyewe.

"Hata mimi ningejua hivyohivyo," akamwambia.

Kisha akalia, wima, katikati ya jukwaa, mbele yao wote, wala hakugeuka kuangalia ni nani anayemtazama.