Nyumba Isiyo na Mlango

Kabla ya kuhamia kijijini, maumivu ya Robi hayakuwa na jirani. Mji wao ulikuwa peke yake kilimani, na mtu akilia huko anayesikia ni ng'ombe. Mwaka wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini lori likawashusha bondeni, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi ya shamba la ujamaa, na kati ya ukuta wa Robi na ukuta wa Mokami kuku mnene hapiti bila kujikwaruza.

Basi Mokami akasikia. Alisikia "unaniumiza, acha," akasikia kilio kinabanwa ndani ya shuka, na asubuhi akamwona Robi anatembea ameinama, mkono chini ya kitovu. Mokami hakuwa mtu mbaya. Mume wake wa kwanza alikuwa akimpiga, na hakuna jirani aliyefungua mdomo. Akaenda kwa Waitara, balozi wa nyumba kumi. Waitara naye akapeleka neno Itiryo, kwa kaka yake Robi.

Ndiyo maana Jumapili ile, watu walipotoka kanisani, walikaa uani kwa balozi, na kaka mtu, Nyangwine, alikuwa amesimama na fimbo yake, amekuja kumchukua dada yake.

"Machage, mura, kijana wetu," Waitara akasema, "unampiga mkeo?"

"Simpigi."

"Basi analia nini?"

Machage akatazama vidole vya miguu yake. Alimwahidi mkewe kwamba habari ya ndani haitatoka kinywani mwake.

"Huyu amemeza ulimi," Nyangwine akasema. "Dada, funga mzigo twende. Ya ng'ombe wa mahari tutazungumza baadaye."

"Hata mtoto hawana," mtu akanong'ona nyuma, kwa sauti ya kusikika.

Robi alikuwa amechoka. Alichoka na siku zake, zilizomwangusha kila mwezi kama aliyekanyagwa na fahali. Alichoka kwenda chooni ameuma kanga. Alichoka na mizizi ya kuchemsha, na mganga aliyesema ni jicho la shangazi. Hata kusimama pale kulikuwa kazi. Lakini huko Itiryo nani angejua kumwekea jiwe la moto kiunoni? Akiondoka leo, Machage atabaki na jina la mpiga mke, na yeye atatafutiwa mume mwingine, asiyejua kuacha akiambiwa acha.

Na usiku ule uliosikika, ni yeye Robi aliyemwita mumewe. Alikuwa amemkumbuka, basi.

Maneno yenyewe hayatamkiki mbele ya kaka. Akayazunguka.

"Kitendawili," akasema.

Watu wakatazamana. Mume anashitakiwa, mke anataka mchezo wa watoto? Lakini mdomo una mazoea yake. "Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai," wakajibu wote, na Nyangwine na fimbo yake.

"Si yai."

"Tangu lini si yai?" Waitara akauliza, kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

"Ya kwangu si yai, balozi. Nyumba yangu haina mlango, na kila mwezi mvua inanyesha ndani."

Mmoja akajaribu mtungi. Mwingine akasema kaburi, mkewe akamfinya.

"Nipeni mji," Robi akasema.

"Chukua Musoma," Waitara akasema.

"Musoma nimefika, tena kweli, Machage alinipeleka. Nikamkuta daktari, akanieleza. Mwanamke ana chumba chake cha ndani. Mwezi ukifika kinavuja, na kwa kuwa kina mlango, damu inatoka, yamekwisha. Kwangu mimi ukuta wa chumba hicho umeota na nje yake, humu tumboni, pasipo na mlango. Mwezi ukifika, huko nako kunavuja. Damu haina pa kutokea. Inakaa, inavimba, inagandisha vitu pamoja. Ndipo panaponiuma siku zangu. Na ndipo panaponiuma mwenye nyumba akibisha hodi, hata abishe kwa upole."

Wanawake ndio walioelewa kwanza. Mmoja akajifunika kanga usoni.

Mokami akauliza polepole, "Kwa hiyo yule uliyekuwa ukimwambia acha..."

"Aliacha, dada. Anaacha kila mara. Kuacha hakuna sauti, ndiyo maana hukukusikia."

Nyangwine akaketi. Fimbo akailaza chini. "Dawa je?" akauliza, akitazama kuku.

"Ya kuondoa hakunipa. Kuna vidonge vya kutuliza, jiwe la moto, kupumzika. Na sisi wawili kusikilizana."

"Shemeji, mbona hukusema?"

"Nyumba si yangu," Machage akajibu.

Nyangwine alikunywa uji, akarudi Itiryo peke yake. Machage alimsindikiza mpaka mtoni.

Kupona, Robi hakupona. Mwezi uliofuata alilala ubavu tangu asubuhi, magoti kifuani, shamba la ujamaa likimwita kwa kengele yake. Waitara alipita mlangoni, akakohoa, akamwambia Machage, "Leo mwache, nitasema ana mvua." Mara sauti ikapenya ukutani.

"Robi. Inanyesha?"

"Inanyesha, dada."

"Haya. Jiwe langu lipo motoni."

Robi akafumba macho, akangoja hatua za Mokami. Hazikuwa mbali.