Moyo wa Bibi Sindano

Bibi Sindano, fundi cherehani, alijaliwa mdomo. Sasa uvimbe ulikuwa umeota kichwani mwake, na hofu yake ilikuwa moja: kuamka bubu. Daktari mpasuaji alimtuliza. Maneno ya watu wengi hukaa upande wa kushoto wa ubongo, na uvimbe ulikuwa kulia. Wangemlaza usingizi, wautoe, basi.

Asubuhi ya upasuaji, picha zikawekwa kwenye taa. Bibi akaitazama ile ya kifua. Moyo ulikuwa kushoto.

"Hiyo si yangu," alisema.

Binti yake akamnong'oneza asianze vituko vyake. Bibi akaushika mkono wa daktari, akauweka kifuani pake upande wa kulia. Mkunga alimwambia zamani: moyo, ini, wengu, vyote vimekaa kinyume. Havikuwahi kumsumbua, naye hakumwambia mtu.

Akaitwa mpiga picha, mtu mzima mwenye uzoefu wake. Akakiri kwamba alipouona moyo kulia alidhani mashine imemchezea, akabadilisha alama za kulia na kushoto. Kwa kuwa mashine ilikuwa ileile, akabadilisha na za kichwa.

Picha mpya ikapigwa. Uvimbe ulikuwa kushoto.

"Na maneno yangu je? Hayakuhama pamoja na moyo?"

"Moyo ukihama hauyabebi maneno, bibi," daktari alisema taratibu. "Nadhani yako hapohapo, jirani na uvimbe."

Ndiyo maana hawakumlaza usingizi kabisa. Walimfungua kichwa akiwa macho, ganzi imemkolea, nesi amemshika mkono. Akaambiwa azungumze asikome, ili daktari ajue mapema akiyakaribia maneno.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," nesi akajibu.

"Namfukuza mchana kutwa, simkamati."

Nesi akafikiri, akasema upepo, akasema jasho, akashindwa, akampa mji. Bibi akafungua kinywa atoe jibu. Alilijua. Alikiona kitu chenyewe, cheusi, kimelala ukutani kando ya taa. Jina lake halikuja. Akasukuma ulimi, ukatoa "ki… ki…" kama mtoto. Akaubana mkono wa nesi mpaka kucha zikazama.

Daktari akakiondoa chombo chake pale kilipogusa.

"Kivuli," Bibi akasema, machozi yakimtiririkia masikioni.

"Hapo hatupagusi," daktari alisema. "Tega kingine, bibi. Tega polepole."

Akatega.