Watu Arobaini Waliosema Ndiyo

Kabla ya kuacha kazi, Protas aliamua kufanya utafiti, maana yeye si mtu wa kukurupuka. Hivyo ndivyo alivyojisifu mbele ya kioo akifunga tai, asubuhi ile aliyopanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kutoka mtaa wa Kinyinya jijini Kigali kwenda Gisozi akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani ya bahasha mlikuwa na dodoso la maswali sita. Humo humo mlikuwa na barua ya kuacha kazi, imeshaandikwa, imebaki tarehe na sahihi tu. Mtafiti gani tena anatembea na majibu mfukoni? Lakini tusimkatize.

Kwa miaka saba Mhaya huyu wa Bukoba alikuwa amekaa katika kampuni moja ya kutoa mizigo forodhani, hapo hapo Kigali, akilinganisha namba za makontena na namba za kwenye karatasi. Zikilingana, anagonga muhuri. Zisipolingana, anapiga simu. Kazi haikuwa na ubaya wowote, ila hata jiwe ungeliketisha kwenye kiti kile lingeomba likizo.

Wazo lake aliliita Fundi Wazi. Aliyewahi kuagiza kitanda kwenye karakana za Agakiriro, ambako maseremala wa Gisozi wamepangana safu baada ya safu, anajua mambo yalivyo. Unaahidiwa Ijumaa. Ijumaa unaambiwa kimebaki vanishi tu, kumbe mbao zenyewe bado hazijapasuliwa. Basi Protas akawaza programu ya simu: fundi anapiga picha ya kazi kila jioni, mteja anaiona akiwa kwake sebuleni, uongo unakufa, na Protas ananunua gari.

Alizunguka siku tatu akiwauliza mafundi arobaini swali lile lile: "Je, programu hii itakusaidia?" Wote arobaini wakasema ndiyo. Fundi Habimana, mtengeneza vitanda, alimpa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima. "Iko muzuri sana, boss," akasema. "Sana sana. Tutaitumia." Jirani yake Ngabo, randa ikiwa bado kwapani, akaitikia kwa Kinyarwanda, "Ni byiza cyane," yaani ni nzuri sana, na akapiga makofi kabisa.

Mtu mwenye akili timamu angeogopa. Kwao Bukoba, watu arobaini wakikubaliana bila hata mmoja kutukana, ujue kuna mtu amenunua bia. Protas hakuogopa. Miaka saba yote ameishi na watu ambao wangemeza msumari kuliko kumwambia mgeni "hapana" usoni, na bado akachukua zile ndiyo arobaini akazitia kwenye hesabu ya asilimia. Alipata mia kwa mia. Akaichorea mpaka duara la rangi.

Mtu wa arobaini na moja alikuwa mkewe. Careen hana breki mdomoni; aliwahi kumsubiri padri mlangoni akamwambia mahubiri yake yangetosha misa mbili. Kwa hiyo Protas alimweleza mpango wake kwa tahadhari. Careen alimtazama usoni.

"Ni wazo zuri, Baba Aneth," akasema. "Fanya."

Hapo Protas akawa na uhakika. Wengine unaweza kuwatilia shaka, lakini si Careen.

Hata hivyo, kwa heshima ya sayansi, alijipa wiki moja ya majaribio kabla ya kupeleka barua Jumatatu. Programu yenyewe haikuwa imetengenezwa, basi akachagua mafundi kumi na kuwaomba wamtumie picha kwa WhatsApp kila jioni, picha ya kazi ya mteja waliyo nayo siku hiyo. Jioni ya kwanza zikaingia picha kumi. Jioni ya pili, kumi. Protas aliimba bafuni.

Jioni ya tatu aliona kofia.

Ilikuwa kofia nyekundu ya sufu, imetundikwa kwenye mguu wa kitanda alichotuma Habimana. Kitanda kizuri, cha mvule, ubao wa kichwani umechongwa maua. Alipofungua picha ya Ngabo, akaona maua yale yale, na kofia ile ile, safari hii imepigwa kutoka ubavuni. Akafungua ya tatu, ya nne, ya tano. Kumi zote. Wengine walijitahidi kukipiga kwa nyuma, mmoja alipanda juu ya kitu akakipiga kutoka juu kabisa, lakini aliyekumbuka kuondoa kofia hakuwepo. Akarudi kwenye picha za juzi na jana. Kitanda kimoja, mafundi kumi, siku tatu.

Jumamosi alishuka Gisozi amefura kwa hasira. Akamwekea Habimana simu puani.

"Hiki kitanda ni cha nani?"

"Ni cha Mugenzi, wa kule mwisho," Habimana akajibu bila kupepesa. "Iko muzuri, sivyo?"

"Mimi niliomba kazi yako wewe!"

"Kazi yangu ilikuwa mbao tu, boss. Mbao, na miguu iko kwa Ngabo anakereza. Sasa wewe mutu mukubwa, unataka kuacha kazi kwa sababu yetu, mimi nikutumie mbao?" Habimana alionekana ameumia kweli. "Tulikaa tukasema, picha mbaya itamuharibia. Tutafute kitanda kimoja muzuri, kila mutu apige."

Walikuwa wamefanya kikao. Kwa ajili yake. Protas alitafuta hasira yake hapo alipoiacha, hakuiona.

Kwenye kibanda cha pili alikaa Mukarugwiza, mama mtu mzima anayevalisha makochi vitambaa. Amekulia Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka, na alikuwa akisikiliza tangu mwanzo na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," akasema. "Uliniuliza kama itanisaidia, nikasema ndiyo. Hukuniuliza kama nitaitumia. Mteja wangu ana namba yangu, ananipigia mara tano kwa siku. Wewe unataka kumpa njia ya sita ya kunisumbua, na kila jioni niiwashe kwa mkono wangu?"

"Lakini mteja angefurahi, mama."

"Mteja akifurahi anakaa kwake. Mimi namtaka hapa. Akija kugombana anakaa kwenye kochi la mwenzake, analipigapiga, analipenda, anaagiza na stuli mbili. Kwenye picha atakaa wapi?"

Protas alilegeza tai. "Kwa nini hamkuniambia siku ile?"

"Ulikuja umevaa vizuri hivyo, una karatasi zako, macho yanang'aa. Nani angekuambia?"

Nyumbani alimkuta Careen jikoni anamenya ndizi. Akamsimulia kila kitu, akitegemea acheke mpaka adondoshe kisu. Careen hakucheka. Aliendelea kumenya ndizi moja mpaka ikawa nyembamba kuliko inavyotakiwa, na Protas akaelewa.

"Ulikuwa unajua."

"Tangu siku ya kwanza. Mimi nikienda kwa fundi naenda kugombana, ndipo kitanda kinatoka. Nani anataka kutumiwa picha?"

"Na ukaniambia nifanye! Wewe, Careen! Wale wanaona haya, wewe haya uliitoa wapi?"

Careen aliweka kisu chini. "Miaka saba unaingia mlango huu kama mtu anayetoka kuzika," akasema. "Mwezi huu umekuwa ukiimba. Vibaya, majirani wameulizia, lakini unaimba. Ningeanzia wapi kukuambia?"

Picha kumi za kitanda kimoja zilimtia hasira. Hili lilimuuma. Mwanamke asiyemwogopa hata padri alikuwa amejifunza kusema uongo wa adabu, ili yeye apate mwezi mmoja wa kuwa mtu. Aliona aibu, kisha akaona kwamba anampenda kuliko alivyokumbuka.

Akatoa barua kwenye bahasha, akaiweka mezani katikati ya maganda.

"Wazo limekufa," akasema. "Lakini kule ofisini siwezi tena, Mama Aneth. Siwezi kabisa." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo bila kulivisha programu. "Na nikiacha bila wazo lolote?"

Careen alifuta mikono kwenye kanga, akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Hapo mimi na wewe tutagombana mpaka wazo litoke," akasema. "Kaa."