Bariyeri ya Chini ya Goti

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Mukabaranga aliweka kidumu chake cha maziwa chini ya benchi la kituo cha afya, akavua buti la mpira la mguu wa kushoto, na kijiwe kikadondoka sakafuni. Kilikuwa na ukubwa wa harage. Alikuwa amekikanyaga tangu Jumapili, kutoka kwao Bihambwe hadi soko la Rubaya na kurudi, bila kujua. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

Muuguzi Gustave alitafuta mapigo ya damu juu ya mguu, karibu na vidole, hakuyapata. Akatafuta nyuma ya kifundo, kimya. Basi akachukua chombo chake cha kusikilizia moyo, akakipandisha taratibu kwenye muundi. Chini kidogo ya goti akasimama.

"Mama, hapa ndani iko batu."

"Banasema nini?"

"Banasema: simama, funguwa muzigo."

Mukabaranga aliitikia kwa kichwa. Sauti za watu hao alizijua, ndizo za njiani. Mwaka jana, wenye bunduki walipofunga kamba ya kwanza njiani, ile watu waliyoiita bariyeri, nyama ya mguu ilianza kumuuma kila alipopanda kilima, na alipopumzika ikaachia. Kamba ya pili ilipofungwa darajani, mguu ukawa baridi hata karibu na moto. Ya tatu ilifungwa Jumamosi iliyopita. Kila kamba ilimtoza kikombe cha maziwa, na huko ndani damu yake ililipishwa vilevile, ikawa inafika vidoleni mikono mitupu. Gustave alimpa chombo asikilize mwenyewe. Alimsikia mtu akikohoa, na redio ndogo ikiimba.

Gustave akatoa fomu ya mambo yanayoziba mishipa ya watu wenye sukari. Iliandikwa vizuri, wala haikuwa na neno la uongo hata moja, na hilo ndilo lililokera.

"Unavutaka tumbako?"

"Hata siku moja."

"Sukari uko nayo tangu myaka ngapi?"

"Kumi na moja."

Akampima tension, yaani shinikizo la damu. Ilikuwa juu sana, akaiandika.

"Unafanyaka sport?"

Mukabaranga alikitazama kidumu, lita ishirini, kisha akamtazama Gustave. "Docta, minabebaka hii kila siku mpaka Rubaya. Andika vile unataka."

"Na dawa? Unakunywaka kila siku?"

"Ile unanipatiaka, nakunywa. Ile haifikake hapa, nitaikunywa namna gani?"

 Kabati lililokuwa nyuma ya Gustave lilikuwa tupu kwa wiki ya saba. Pikipiki iliyoleta vidonge vya sukari na vya tension ilisimamishwa kwenye kamba ya darajani, na vidonge vikabaki na wenye kamba.

Mwisho wa fomu palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Mengine". Gustave akaandika kwa herufi kubwa: BARIYERI TATU NJIANI, NA MOJA CHINI YA GOTI. Akaomba mgonjwa apelekwe haraka kwa daktari anayejua kufungua mishipa, kabla kidole hakijauharibu mguu wote. Akapiga muhuri, akaituma kwenye ofisi kuu ya afya.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa. Neno bariyeri lilikatwa kwa mstari mwekundu uliopigwa kwa rula. Chini yake mtu mwenye mwandiko mzuri aliandika: "Si sababu inayotambuliwa. Mgonjwa hafuati masharti ya dawa. Ashauriwe kutembea zaidi." Mtu huyo, bila shaka, aliandika akiwa amekaa. Siku hiyo weusi ulikuwa umekwisha kupita kifundo.

Wachukuzi wanne walimbeba Mukabaranga kwa machela hadi hospitali, na kwenye kila kamba walisimama. Daktari alisikiliza mguu, akapiga alama kwa kalamu.

"Munakata mpaka wapi?" aliuliza Mukabaranga.

"Mpaka fasi bariyeri iko, Mama."

"Na ile ya njia, nani ataikata?"

Daktari alikuwa ananawa mikono. Aliendelea kunawa.

Binti yake, Umuhoza, aliurudisha mguu Bihambwe, akauzika kando ya njia, mwisho wa shamba lao la maharage. Tangu siku hiyo kila aliyepita pale alisikia kutoka ardhini: simama, funguwa muzigo. Hakuna aliyekimbia. Wachukuzi, walimu, wamama wa sokoni, wote walisimama, wakafungua, wakaacha kiazi au kipande cha sabuni, wakaendelea na safari. Katekista alikuja kuombea mahali hapo, naye akaacha hindi moja. Watu wakaanza kuhesabu bariyeri nne, ingawa ya nne haikuwa na kamba wala mtu.

Maharage yalipovunwa, Mukabaranga alirudi njiani kwa magongo mawili, kidumu cha lita tano kimefungwa mgongoni. Alipofika mwisho wa shamba lake, sauti ikamwambia asimame.

Hasira ilimpanda. "Miye njo mwenye hii mguu!" alipiga kelele. "Mulikula maziwa, mukakula dawa, mukakula damu, mukakula mguu! Munataka nini tena?"

Ndani ya ardhi kurasa zilifunuliwa, kama za karani anayetafuta jina kwenye daftari.

"Kikombe kimoja," ardhi ikasema.

Nyuma yake watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Mchukuzi mmoja alisema kwa upole, "Mama, toa tu, tupite." Jua lilikuwa linapanda na maziwa yasingesubiri. Mukabaranga alifungua kidumu, akamimina.

Udongo uliyanywa yote. Akashika tena magongo yake kuelekea Rubaya, na kabla hajafika kwenye kamba ya kwanza, ndani ya buti lililobaki, mguu wa kulia ukaanza kupoa.