Foleni ya Mabembea

Subira haivuti heri. Subira huvuta mzigo wa mwenzako ukaja kukaa kichwani pako, na heri ikifika ikaona kichwa hakina nafasi, hupita zake kwenda kwa mwingine. Mama Pasi hakufundishwa hilo na mtu. Alilijua kwa shingo.

Jina hilo alipewa kazini. Alipiga pasi kwenye kiwanda kinachofua nguo za mahoteli, chumba kimoja kirefu chenye mvuke kama mdomo wa birika, na miaka yote alikuwa akinyoosha mashuka ya watu walio likizo. Humo ndani ya foronya hukutwa kila kitu: hereni, meno ya bandia, soksi ya mguu mmoja. Siku moja akakuta kipeperushi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa na picha ya bustani ya michezo ya nchi nyingine: treni inayopindua watu kichwa chini, gurudumu refu kuliko jengo la benki, na watoto waliofumbua midomo kama vifaranga. Akakipiga pasi, akakipeleka nyumbani.

Watoto wake wawili, Kidonge na mdogo wake Mapengo, walikibandika ukutani kando ya kitanda. Hawakuomba kwenda. Walikuwa watoto waliojua kwao. Walikiangalia tu kila jioni, na kule kutoomba ndiko kulikomchoma mama yao.

Akaanza kupanga. Tiketi za ndege za bei ya chini kabisa zilikuwa za msimu wa mvua, wakati wenye pesa zao hawasafiri, na zilikuja na masharti: hazibadilishwi siku, hazibadilishwi jina, hela hairudi hata ukifa. Malazi yakapatikana mbali na bustani, chumba cha vitanda vya kupandana chenye jiko la pamoja, ili wajipikie. Kila msafiri aliruhusiwa begi dogo moja, na mume wa Mama Pasi, ambaye ni muuza nyama, akafunga bucha mapema Jumapili moja ili mabegi yapimwe kwenye mizani ya ndoano inayoning'iniza mapaja ya ng'ombe.

"Hili limezidi," alisema, akisoma mshale.

"Ndoano yako ndiyo imezidi. Wateja wanalia kila siku."

"Wateja wanalia imepungua, mama watoto. Haijawahi kuzidi." Akacheka, akatoa begi, akampa mkewe alipange upya. Alivyokunja yeye nguo, gauni zima lingeingia kwenye bahasha.

Mapengo alipewa somo lake peke yake. Kule bustanini watoto chini ya urefu fulani walilipa nusu, naye alikuwa amepita mstari kwa upana wa kidole. Wakamfundisha kusimama dirishani pa tiketi amelegeza magoti, suruali ikiwa pana kidogo.

Ilibaki Bibi.

Bibi alikuwa mama mzazi wa muuza nyama, na kumbukumbu zilikuwa zimemtoka kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Wanawe watatu walikubaliana kumtunza kwa zamu, miezi miwili miwili, na sheria ilikuwa kwamba Bibi haendi bila kiti chake cha henzirani. Kiti kikivuka mlango, zamu imevuka. Sheria nzuri. Ila shemeji mkubwa, kaka wa muuza nyama, zamu yake aliilipa kwa mawaidha tu. Na wifi, dada yao, mwenye saluni na nyumba ya geti, kila zamu yake ilipofika alikuwa na rangi mbichi ukutani, au wageni, au mgongo. Mara ngapi Mama Pasi alipakia kiti na mama mkwe kwenye teksi, akagonga geti lile mpaka vifundo vikauma, akarudi navyo vyote viwili. Hakuwahi kumwacha Bibi njiani. Akawa anarudi, na kila mtu akazoea kwamba anarudi.

Safari hii alipanga tarehe ziangukie katikati ya zamu ya wifi, akampigia simu mapema.

"Naijua zamu yangu, wifi. Kwani nimekataa?"

"Sijasema umekataa. Nasema tunasafiri."

"Kubembea." Wifi akacheka kwa pua. "Watu wazima na mapaja yenu."

"Watabembea watoto. Mimi nitashika mikoba."

"Haya, mlete. Mama ni wangu, sikumwokota."

Tarehe ya zamu ikafika, wifi akasema fundi wa bomba hajamaliza. Kesho yake akasema kesho. Shemeji mkubwa naye akapita bucha kununua maini, akaketi.

"Mtu mwenye mama mgonjwa hapandi ndege kwenda kucheza," alisema.

Mama Pasi alikuwa pale, ameleta chakula cha mumewe. "Basi mchukue wewe, shemeji. Siku chache tu."

"Mimi nimesema kama mkubwa."

"Nami nimejibu kama mdogo."

Shemeji akafungiwa maini yake, akaondoka bila kulipa, kama desturi.

Bibi, wakati huo, alikuwa amesikia neno safari. Watoto walimsimulia treni na gurudumu, naye akashika hayo kama asivyoshika kitu kingine. Jina la Mama Pasi lilikuwa limempotea mwaka mzima, alimwita "binti wa watu" na siku nyingine alimuuliza analipwa kiasi gani hapo kwao. Lakini safari hakuisahau. Aliomba mkoba wake mweusi, akaupakata toka asubuhi mpaka jua linazama. "Mimi nitakaa mbele," aliwaambia wajukuu. "Nyuma nitatapika."

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia.

Asubuhi ya kuondoka simu ya wifi haikupokelewa. Muuza nyama alitangulia uwanja wa ndege kwa basi pamoja na watoto na mabegi. Mlangoni alimshika mkewe kiwiko.

"Asipofungua, rudi naye. Tiketi zife."

"Zikifa tiketi, mimi je?"

Akainua mabegi. Basi lilikuwa linakuja.

Mama Pasi alimvika Bibi sweta, akamfunga kiatu, kiti kikaingia nyuma ya teksi. Kwenye geti la wifi akagonga. Akagonga tena. Akapiga simu, akaisikia inalia ndani ya nyumba, ule wimbo wa wifi unaojulikana mtaa mzima, kisha ikakatwa. Akainua macho. Mapazia ya dirisha la mbele aliyajua, ni yeye aliyeyapiga pasi mara ya mwisho, kwa sababu wifi alisema hakuna anayenyoosha kama yeye. Mkunjo wa katikati ukatikisika. Hapakuwa na upepo.

Akatazama saa kwenye simu; ndege haingoji mtu.

Kisha akateremsha kiti, akakiweka chini ya kijipaa cha geti, akamketisha Bibi, akamwekea mfuko wa dawa mapajani, juu ya mkoba mweusi. Bibi alitazama lile geti la chuma, refu, lenye maua ya kuchomelea, na uso wake ukafunguka.

"Ndiyo hapa?"

Mama Pasi akamfunga kifungo cha juu cha sweta.

"Bado hawajafungua?" Bibi akauliza.

"Bado, mama. Watafungua sasa hivi."

"Sisi wa kwanza."

"Ndiyo, mama. Sisi wa kwanza."

Akageukia dirisha, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi: "Wifi, nakuona. Mama yako yuko getini. Leo sirudi."

Dereva wa teksi hakuwasha gari mara moja. "Tunamwacha, mama?"

"Nyumba ya binti yake. Binti yumo."

"Wingu hilo."

"Nimeliona."

Uwanja wa ndege muuza nyama aliuliza jambo moja tu, kama mamake amefika salama. "Yuko kwa binti yake," akajibiwa, na Mapengo akaanza kudai akae dirishani, mambo yakapita.

Kule bustanini kila kitu kilikuwa kikubwa kuliko picha, na kichafu kidogo. Dirishani pa tiketi Mapengo alilegeza magoti vizuri mno, akavishwa utepe wa njano mkononi, nusu bei, wazazi wakatazamana kama wezi waliofaulu. Walipofika kwenye treni ya kupinduka, yule kijana wa mlangoni aliutazama ule utepe, akatikisa kichwa. Njano ni ya wadogo, na wadogo hawapandi. Mapengo akajinyoosha mpaka mishipa ya shingo ikatoka, akapita kipimo cha ukutani bila shida. Kijana akaonyesha utepe. Baba mtu akashindwa kusema alidanganya, na hakuna lugha aliyokuwa nayo ya kulisemea hata kama angetaka.

Mtoto analia hivyo, ndipo shemeji mkubwa akapiga simu.

Muuza nyama alisikiliza amesimama, akamaliza ameketi kwenye benchi. Mvua ilianza siku ile ile waliyoondoka, kabla ya saa sita. Wifi alifungua geti alasiri. Bibi yuko hospitali, kifua kimejaa maji, hali si nzuri. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alimwendea na mwavuli, akagonga geti bila kujibiwa, akataka kumvusha akae kibandani pake. Bibi akakataa kuinuka. Alimwambia yuko kwenye foleni, na akitoka watamchukulia nafasi yake.

"Ulijua hajafungua?" mume aliuliza.

"Nilijua yumo."

"Sikuuliza hilo."

"Ndiyo," akasema. "Nilijua."

Tiketi hazikubadilika, masharti ni masharti, na hela ya kununua nyingine hakuna. Muuza nyama alibaki benchini na Mapengo. Mama Pasi akamshika Kidonge mkono, akarudi naye kwenye foleni. Ilikuwa ndefu, inajikunja kama utumbo. Wakasogea hatua kwa hatua, na kila mtu mbele yao alipopiga hatua, Mama Pasi aliona kama mzee mwenye mkoba mweusi ndiye anayesogea. Kidonge alipanda. Alipoteremka nywele zimemsimama na macho yanametameta, akasema, "Mama, niliona mpaka mwisho." Mama yake alikuwa ameshika mikoba.

Bibi alifariki kabla hawajarudi. Waliwahi mazishi, wakiwa na mabegi yale yale madogo.

Baada ya siku za msiba watu wa ndani wakaitwa kwa shemeji mkubwa. Kiti cha henzirani kilikuwa pale, kimefura kwa maji, mikono imefumuka. Hakuna aliyekikalia.

"Nilikuwa nimelala," alianza wifi, kisha akaona uongo haumwendi. Macho yake yalikuwa yamevimba kweli. "Nilimwona. Nilijua atarudi kumchukua. Hurudi siku zote. Nikasema nikifungua tu, mama ndiyo wangu moja kwa moja. Hata mvua ilipoanza nikasema anarudi huyo, anaiona mvua."

"Hata hivyo," alisema shemeji mkubwa, "aliyemwacha nje ni yeye. Damu haiwi maji, dada yetu tutajuana naye. Huyu ni wa kuja. Aombe radhi mbele yetu, yaishe."

Muuza nyama alikuwa anatazama viganja vyake. "Sema tu, mama watoto. Neno moja."

Mama Pasi alikitazama kiti. Alijua kila ufito wake, maana alikibeba zaidi ya yeyote mle ndani. Akainuka, akakunja khanga aliyojifunika, pembe kwa pembe, akaiweka mkononi.

"Nilimwambia uongo mmoja, kwamba watafungua sasa hivi. Huo ataniuliza mwenyewe, nami nitamjibu. Nyinyi miaka yote hamkuwahi kuniuliza hata nimekula. Nilirudi, nikarudi, nikarudi. Siku moja sikurudi. Siombi radhi, shemeji. Leo siombi, na msiniite tena kwa hilo."