Omukago wa Jikoni

Mimi Karugendo wa Buganguzi si mtu wa kushukuru. Mke wangu Alistidia atakuambia kwamba hata akinipikia vizuri vipi, nasema "si haba" na kuondoka zangu. Lakini leo nashukuru. Atakayenicheka acheke, kisha anywe rubisi yangu, pombe ya ndizi, anyamaze.

Mwanangu Buberwa alikwenda kusomea ufundi wa mitambo katika nchi moja ya baridi, mbali huko. Alikaa miaka kumi na minne, akapata kazi, akapata nyumba, mwishowe akapata na pasi ya kule. Siku alipotupigia kutuambia habari ya pasi tulichinja mbuzi. Laiti tungejua! Mwaka jana nchi ile ikamvamia jirani yake, vita ambayo hata wenyewe ukiwauliza wanaangalia chini. Haukupita muda, Buberwa akaletewa barua: una siku kumi, ripoti kambini.

Alinipigia mchana, mimi nikiwa kibanjani napunguza majani makavu ya migomba.

"Tata, wameniita vitani. Nifanye nini?"

Sikufikiri hata kidogo. Mwaka sabini na nane, adui alipovuka mpaka na kuchoma nyumba zetu, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Walipopita kuandika mgambo sikungoja kuulizwa mara mbili. Nilikwenda Kyaka, nikavuka mto, nikaingia hadi ng'ambo ya Mutukula. Tangu siku hizo, kila harusi hapa kijijini nawekewa kiti cha mbele. Kiti hicho nakipenda, sifichi.

"Nenda," nikamwambia. "Umekula kwao miaka yote hiyo. Leo wamepata shida ndiyo unatafuta mlango? Watu watasema mtoto wa Karugendo ni mwoga."

"Lakini tata, hao tunaotumwa kuwapiga hawakutufanyia kitu."

"Askari hachagui!" nikakata simu.

Alistidia alikuwa barazani anamenya ndizi, na masikio yake hayajazeeka. Aliweka kisu chini.

"Watu gani watasema?" aliuliza. "Hao watu ndio walikaa leba siku mbili wakimzaa?"

"Mambo ya vita huyajui, mama Buberwa."

"Kweli, siyajui. Najua mtoto wangu ni mmoja." Kuanzia siku hiyo alinitengea chakula, akaenda kukaa jikoni. Siku tatu nilikula peke yangu nikitazamana na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Siku ya nne Buberwa akapiga tena, sauti imekauka.

"Tata, kuna jambo sikuwahi kukuambia. Unamkumbuka Andri?"

Nani asiyemkumbuka Andri? Miaka tisa iliyopita Buberwa alianguka kutoka juu ya mtambo akapasuka bandama. Hospitalini walitaka damu, na huyo Andri, fundi mwenzake, ndiye aliyejitolea. Alistidia alimtumia kahawa yetu ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya harufu na kukaushwa, imefungwa kwa ganda la mgomba. Tulidhani mambo yaliishia hapo.

"Kahawa ile tulifanyia omukago," Buberwa akasema. "Jikoni kwangu. Nilimsimulia mila yetu, akasema damu yangu tayari unayo, bado wewe kunipa yako. Tukachukua wembe, tukagawana buni moja. Na Andri si mtu wa huku, tata. Kwao ndiko wanakonituma. Ameshakwenda kulinda nyumba ya mama yake."

Jamani! Msomaji asiye wa kwetu nimweleze. Omukago ni udugu wa damu. Mnachanjwa karibu na kitovu, kila mmoja anapaka damu yake kwenye nusu ya buni, mwenzake anaimeza. Baada ya hapo nyumba yake ni yako, mama yake ni mama yako, na ukimwinulia silaha, umeiinua juu ya tumbo lako mwenyewe. Ni kitu cha wazee, cha mashahidi, cha pombe na maneno. Si mchezo wa mafundi wawili na wembe wa kunyolea!

"Mpumbavu wewe!" nilimfokea. "Nani alikuwa shahidi?"

"Hakuna."

"Basi si omukago huo. Ni ulaji wa kahawa."

Nilisema hivyo, lakini usingizi ulinipaa. Asubuhi nikapanda bodaboda hadi Nshamba kwa dada yangu mkubwa, Consolata. Ana miaka sabini na nne, na mambo ya ukoo wetu yote yako kichwani mwake. Nilitaka aniambie tu kwamba omukago wa jikoni ni batili, ili niweze kumwambia mtoto aende na dhamiri yangu itulie.

Nilimkuta anachambua maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakuinua uso.

"Karugendo," akasema, "mwaka sabini na tisa, ulipoanguka malaria kule ng'ambo wenzako wakakuacha njiani, ulilala nyumba ya nani?"

"Ya mzee Kashaija. Unajua."

"Kwa nini alikupokea? Jeshi lenu lilikuwa limekula mbuzi zake."

"Alikuwa na omukago na baba."

"Waliufanyia wapi?"

Sikuwahi kuuliza.

"Njiani, porini," akasema Consolata. "Baba alikuwa anatoka kuuza kahawa, mvua ikawakuta wawili chini ya mti mmoja. Kashaija akamgawia baba chakula chake chote, na yeye hakumjua. Walichanjana kwa kisu cha kumenyea ndizi. Shahidi hakuwepo hata mmoja, ila hiyo mvua. Baba alinisimulia mwenyewe." Sasa ndipo akaniangalia. "Majuma matatu yule mzee alikulisha uji kwa mkono wake, mtoto wa adui, huku majirani zake wanataka kukutoa. Angesema omukago wa njiani si omukago, wewe leo ungekuja hapa kunipotezea muda?"

Nisingekuja. Ningekuwa mifupa, na Buberwa asingezaliwa. Miaka arobaini na sita nimesimulia habari za Kyaka kwenye maharusi, na uji wa Kashaija sikuutaja hata siku moja, kwa sababu ungenipunguzia sifa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nililia pale mbele ya ungo wa maharage, na dada yangu akaniacha nilie.

Nilimpigia Buberwa palepale uani. Zilikuwa zimebaki siku tano.

"Usiende," nikamwambia. "Nilikosea. Vita yangu nilikwenda kwa sababu walivunja mlango wetu, na leo wakivunja tena nitakwenda na fimbo. Lakini wewe unatumwa kuvunja mlango wa ndugu yako. Usiende, mwanangu, hata kama nyumba na kazi vitapotea. Rudi."

Upande wa pili nilisikia mtu mzima wa miaka thelathini na sita analia.

Aliacha kila kitu, akapanda basi na begi moja. Na unajua nani alimpokea alipovuka kuingia nchi ya tatu? Dada yake Andri, aliyeolewa huko. Andri alikuwa amempigia simu kutoka kwenye handaki lake: ndugu yangu anakuja, mlaze. Akamlaza wiki mbili, akamtafutia karatasi, akampikia supu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini huyu alitufaa katika dhiki yake mwenyewe.

Jumamosi iliyopita tulimpokea Buberwa uwanja wa ndege wa Bukoba. Kwa ile pasi ya kule, anaingia kwao kwa viza kama mtalii, dunia hii ina vituko. Alistidia alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anakagua ndizi sokoni, kisha akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya simu akanitania: "Haya, mzee wa Kyaka, si haba?"

"Si haba," nikasema, nikalichukua begi la Buberwa.

Jana baada ya misa ya shukrani tukawaita majirani. Wakala, wakanywa. Jirani yangu Rutaihwa, mdomo wake hauna kufuli, akasema kwa sauti: "Kumbe baba shujaa, mtoto mkimbizi!" Watu wakacheka kidogo, wakiniangalia.

Nikainuka kutoka kiti changu cha mbele. Nikawasimulia uji wa Kashaija wote, kijiko kwa kijiko, na malaria, na jinsi nilivyojinyea nikasafishwa na mtu niliyekwenda kupigana na nchi yake. Hakuna aliyecheka tena. Rutaihwa aliangalia glasi yake. Nikamshika Buberwa mkono, nikamkalisha kwenye kile kiti.

Hapo simu ya Buberwa ikaita, ya picha. Alikuwa Andri: ndevu, kofia ya chuma, ukuta wa udongo nyuma yake. Tulikuwa hatujasikia habari zake siku kumi na moja. Buberwa aliongea naye ile lugha yao, akacheka, akafuta macho, kisha akanipa simu.

Nikababaika. Mimi lugha ile sijui hata neno. Yule kijana akanitazama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha ganda la mgomba kilichosagika, na ndani yake buni moja ya Alistidia, imebaki moja tu kwa miaka tisa. Akaiinua niione.

"Tata," akasema. Neno hilo alikuwa amefundishwa.

"Naam, mwanangu," nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kila mtu akasikia. "Asante. Asante sana. Mama yako akikosa pa kwenda, hapa ni kwake. Na wewe usife. Nimesema usife."

Hakuelewa hata neno moja, lakini aliitikia kwa kichwa, na sisi wote tukakaa tukimtazama mpaka mtandao ulipokatika.